Sura ya Tano: Asili ya Mwandikaji na Nakala ya Mashine

Biashara ya mawe ya kujengea katika Kware, mtaa wa Kaunti ya Kajiado uliopewa jina na machimbo yake, huendeshwa siku hizi kwa maandishi mafupi kuliko kwa midomo. Kwa maana mteja aliye Kitengela, akiisha kuweka msingi wa nyumba yake, humwandikia mwenye lori katika simu kwamba ataka mawe ya tisa kwa sita, kwamba yaletwe Jumamosi kabla jua halijawa kali, na kwamba arubuni amekwisha kuituma, na ujumbe huo huungana na jumbe nyingine nyingi za watu waandikao kila mmoja kwa tabia yake, huyu kwa herufi kubwa tupu, yule kwa kufupisha kila neno, na wa tatu kwa kuchanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani kwao. Karani mmoja hawezi kuzisoma zote bila kuchoka, na hapo ndipo huitwa kijana ajuaye kuandika programu, akaombwa atengeneze chombo cha kuyapanga maneno hayo na kuyatunza. Sura hii imekusudiwa kijana huyo, awe wa Kware au wa mahali pengine popote ambapo watu hufanya shughuli zao kwa Kiswahili.

Kitu atakachokishika kwanza, na ambacho hatakiacha maadamu anafanya kazi hii, ni kile ambacho waandishi wa programu hukiita stringi, nami katika kitabu hiki nakiita mtungo wa herufi. Nakiita hivyo kwa kuwa ni herufi zilizofuatana moja baada ya moja kama shanga katika uzi wa mwanamke wa Kimaasai, ambapo kuuongeza ushanga mmoja, au kuuhamisha kutoka mahali pake, ni kuubadili mkufu mzima. Mashine haina habari ya herufi wala ya maana yake. Ijuacho ni hesabu tu, na kila herufi ya alfabeti ya Kiingereza imepewa hesabu yake katika jedwali ambalo lilianza kutumika Marekani mwaka 1963 kwa jina la ASCII, lenye nafasi 128 tu. Humo herufi kubwa K ni 75 na ndogo yake ni 107. Kwa sababu hiyo Kware, kware na KWARE, ambayo msomaji huyaona kuwa neno moja lisilo na shaka, ni vitu vitatu mbalimbali machoni pa mashine, na kitu cha nne ni Kware yenye nafasi tupu mwishoni, ile nafasi ambayo simu huiongeza kwa hiari yake kila inapomkamilishia mwandikaji neno. Mwenye lori akiuliza ni oda ngapi zilizotoka Kware wiki hii, programu isiyofahamu jambo hili humpa jibu pungufu, tena kwa ukimya, pasipo kosa lolote kuonyeshwa.

Dawa yake ni nyepesi: nafasi za mwanzo na mwisho huondolewa, herufi zote hugeuzwa kuwa ndogo, kisha ndipo mitungo miwili hulinganishwa. Walakini hapa kuna adabu ambayo naiona kuwa kubwa kuliko maarifa yote mengine ya sura hii, nayo ni kwamba ligeuzwalo liwe nakala, na alichokiandika mtu kibaki vile vile alivyokiandika. Lugha za programu zitumikazo sana, kama Python, Java na JavaScript, zimeijenga adabu hiyo katika tabia yake, kwa sababu ndani yake mtungo ukiisha kuumbwa haubadiliki kamwe. Kila amri ya kuupunguza au kuugeuza huzaa mtungo mpya na kuuacha wa kwanza katika hali yake. Kijana mwepesi wa haraka huuhifadhi ule mpya juu ya wa zamani, akaipoteza asili, na asili ikipotea hapana amri iwezayo kuirudisha.

Tazama nambari ya simu. Kwa kuwa imeundwa na tarakimu, aghalabu mwanafunzi huihifadhi kama hesabu, na papo hapo sifuri ya mwanzo huanguka, maana katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani. Lakini nambari ya simu si hesabu hata kidogo. Haijumlishwi wala haigawanywi. Ni mtungo wa herufi ambazo zimetokea kuwa tarakimu. Katika daftari moja la wateja utaikuta nambari ile ile imeandikwa kwa 07 na tarakimu nane, mara kwa +254 na tarakimu tisa, mara kwa 254 bila alama ya kujumlisha, na mara kwa nafasi tupu kila baada ya tarakimu tatu ili isomeke vizuri. Njia iliyo sawa ni kuondoa nafasi na vistari, kuondoa alama ya kujumlisha, na mtungo ukianza kwa sifuri, kuiweka 254 mahali pa sifuri hiyo, hata zote zifikie umbo moja la tarakimu 12. Jihadhari na majedwali ya kompyuta, ambayo yakikutana na tarakimu 12 huzifupisha kwa mtindo wa wanasayansi, na faili ikihifadhiwa katika hali hiyo, tarakimu za mwisho hupotea pamoja na mteja mwenyewe.

Tena usidhani kwamba umbo la nambari ni kaida ya milele. Kwa miaka mingi kila simu ya mkononi nchini Kenya ilianza kwa 07, na waandishi wa programu wakaliandika sharti hilo katika kazi zao kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwaka 2019 nambari zianzazo kwa 01 zilipoingia katika matumizi, programu hizo zikawakataa wenye nambari mpya, watu wenye laini halali mikononi mwao, kwa madai kwamba wamekosea kuandika nambari zao wenyewe. Kosa lilikuwa la mwenye kuandika sharti, lakini aliyehangaika ni mwananchi.

Baada ya nambari huja risiti. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007, na tangu hapo msimbo wa risiti yake umekuwa mtungo unaojulikana nchini kuliko mwingine wowote. Msimbo huo una herufi na tarakimu 10, na ukizichunguza risiti za siku mbalimbali utaona kwamba kichwa chake kimebeba tarehe: herufi ya kwanza ni ya mwaka, ya pili ni ya mwezi, na ya tatu ni ya siku, ambapo siku zikipita tisa huendelezwa kwa herufi, A ikawa kumi, B ikawa kumi na moja, mpaka V iliyo ya thelathini na moja. Risiti ianzayo kwa SD5, kwa mfano, ni ya tarehe 5 Aprili 2024. Kwani S ni ya mwaka huo na D ni herufi ya nne kama Aprili ilivyo mwezi wa nne. Hapa mwanafunzi hujifunza kuukata mtungo: kuchukua herufi ya mahali fulani au kipande kutoka mahali hadi mahali, akikumbuka kwamba katika lugha nyingi za programu mahali pa kwanza huhesabiwa sifuri, na kwa hiyo herufi ya siku, ambayo sisi twaiita ya tatu, mashine huiita ya pili. Hujifunza pia kwa nini msimbo haufai kunakiliwa kwa mkono, kwa sababu risiti za mwaka 2020 zilianza kwa herufi O, na karani aliyeinakili kama sifuri alitafuta malipo yale bila kuyaona, ingawa fedha zilikuwa zimekwisha fika.

Maneno yanayoufuata msimbo nayo yana mitego. Kiasi huandikwa Ksh1,500.00, na ule mkato wa maelfu sharti uondolewe pamoja na alama ya shilingi kabla mtungo haujageuzwa kuwa hesabu. Tarehe 5/4/24 kwa Mkenya ni siku ya tano ya Aprili, bali programu iliyoandikwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa siku ya nne ya Mei, na deni la mteja hukaa mwezi mzima lisilolipwa katika vitabu. Na mwenye simu aliyechagua kupokea taarifa zake kwa Kiswahili huletewa neno Imethibitishwa, ilhali chombo kilichofundishwa kungojea neno la Kiingereza tu huupita ujumbe huo kana kwamba haukuandikwa. Jambo la kusikitisha, kwamba mtu aadhibiwe na mashine kwa kuichagua lugha ya taifa lake.

Sasa tufike kwenye majina, maana hapa ndipo naona uchungu zaidi. Chukua jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamirithu karibu na Limuru mwaka 1938, jina lijulikanalo ulimwenguni kote, nawe ulipitishe katika amri za kawaida za programu uone litakavyotoka. Ukiiambia Python ilitengeneze kwa amri yake ya title, ambayo kazi yake ni kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, itakurudishia Ngũgĩ Wa Thiong'O: ile wa, ambayo kwa kaida huandikwa kwa herufi ndogo, imekuzwa, na herufi ya mwisho ya jina imesimama peke yake kama mtu aliyefukuzwa nyumbani, kwa kuwa amri hiyo huidhani ritifaa kuwa mpaka wa maneno. Jambo hilo hilo huwapata kina Ng'ang'a wote, ambao hutoka Ng'Ang'A, na huwapata kina ole wa Kimaasai na kina arap wa Kikalenjin, ambao neno la nasaba katika majina yao hukuzwa pasipo idhini. Katika Kajiado, ambako shule, hospitali na vyama vya akiba hujaza orodha za majina ya namna hii kila siku, amri moja ya kupamba huweza kuyaharibu maelfu ya majina kwa dakika moja, na ikiwa asili haikuhifadhiwa, uharibifu huo ndio utakaochapishwa katika vyeti.

Herufi ũ na ĩ za Kikuyu zina siri nyingine. Jedwali la ASCII halikuwa na nafasi yake. Zilipata makao katika jedwali kubwa la Unicode, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 kwa nia ya kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake, na ambalo leo huandikwa zaidi kwa utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Ila Unicode yaruhusu ũ iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachokaa juu yake. Machoni hazitofautiani kabisa. Lakini Ngũgĩ wa njia ya kwanza ana herufi 5, na wa njia ya pili ana 7. Na wakipimwa kwa baiti katika UTF-8, wa kwanza ana 7 na wa pili ana 9. Mtu akiandikishwa kwa simu ya aina moja na kutafutwa kwa kompyuta ya aina nyingine, huambiwa kwamba hayumo, naye amesimama dirishani na kitambulisho mkononi. Kwa hiyo mitungo yote miwili sharti ipitishwe kwanza katika utaratibu wa kusawazisha, ambao Unicode imeuweka wazi na lugha nyingi kubwa za programu zinao, ndipo ilinganishwe. Na mwenye kupima urefu wa jina, aseme mapema apima nini, herufi zionekanazo au baiti, kwa kuwa hesabu hizo si moja.

Ritifaa nayo imeleta dhiki kubwa kuliko udogo wake. Katika lugha ya hifadhidata alama hiyo ndiyo inayoufungua na kuufunga mtungo, basi programu iliyoandikwa bila uangalifu ikipewa neno ng'ombe hudhani kwamba mtungo umekwishia katika ng, na ombe iliyobaki huichukua kuwa amri isiyoifahamu. Wezi wameutumia mwanya huo kupenyeza amri zao wenyewe katika hifadhidata za watu. Badala ya kuuziba, waandishi wengi wa fomu wamechagua njia ya uvivu, wakaikataza ritifaa yenyewe, hata mtu akiandika jina alilopewa na baba yake huambiwa kwamba lina alama zisizoruhusiwa. Hili nalikataa kwa nguvu zote. Njia salama imejulikana zamani: amri hupelekwa kwa hifadhidata peke yake, na mtungo wa mtu hupelekwa kando yake kama kitu cha kutunzwa, si kama maneno ya kutekelezwa, na hapo ritifaa haina madhara yoyote, iwe katika jina la mtu au katika orodha ya mifugo.

Dhiki hiyo hiyo huonekana katika arafa, na hapa ni suala la fedha. Urefu wa herufi 160 ulipendekezwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand huko Bonn mwaka 1985, baada ya kupiga taipu sentensi nyingi na kuona kwamba aghalabu hazizidi kiasi hicho. Arafa moja ina baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ikitumia biti 7, zinaingia herufi 160 kamili. Lakini hesabu hiyo ni ya herufi zilizomo katika jedwali dogo la simu. Ikiingia herufi moja tu isiyokuwamo, ujumbe mzima hugeuzwa uandikwe kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Na ujumbe ukigawanywa, kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa ajili ya kuunganishwa, kikabaki na herufi 67.

Sasa fikiri afisa wa mifugo awaandikiaye wafugaji wa Kajiado kwamba ng'ombe watachanjwa Jumatatu, kwa herufi 150. Akiiandika ritifaa iliyonyooka, ambayo imo katika jedwali la simu, hiyo ni arafa moja. Akiuandika ujumbe wake kwanza katika programu ya kuandikia barua, ambayo hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda kwa ajili ya uzuri, ujumbe ule ule wa herufi 150 huwa vipande vitatu, na gharama yake huwa mara tatu kwa kila mfugaji. Hapa ndipo nakala inapotumika kwa haki: katika nakala itakayotumwa kwa simu, ritifaa iliyopinda inyooshwe, katika kumbukumbu, ibaki ilivyoandikwa. Na kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, ambacho wataalamu wa isimu hukiandika kwa herufi kama ɔ na ɛ zisizomo katika jedwali la simu, nasema wazi kwamba gharama ya vipande vya ziada ilipwe, maana vokali za lugha si pambo la kuondolewa ili kupunguza bei.

Menyu za simu zifunguliwazo kwa kinyota na alama ya reli, kama *334# ya M-Pesa, nazipitia kwa ufupi. Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi, ambayo vijana wengi hujifunzia kwayo, humpelekea mwandishi wa programu majibu yote ya mteja katika mtungo mmoja yakitenganishwa kwa vinyota: aliyechagua la kwanza, kisha la pili, kisha akaandika 500, huja kama 1*2*500. Hatua ya kwanza kabisa, mteja kabla hajajibu, mtungo huja mtupu, na mtungo mtupu ukigawanywa kwa vinyota katika Python au JavaScript hauzai orodha tupu. Huzaa orodha yenye kitu kimoja, na kitu hicho ni mtungo mtupu. Mteja akikosea jibu, kosa lake hubaki katikati ya mtungo na kuyasukuma mbele yote yafuatayo, basi anayesoma kwa kuhesabu mahali humtoza mtu kiasi ambacho hakukusudia.

Nimeacha kwa mwisho kazi ya kutafuta, kwa kuwa ndiyo iliyo na utajiri zaidi kwetu. Mwenye lori wa Kware ataka kujua ni wateja gani waliosema wamelipa, na kijana wake aiamuru programu itafute lipa popote ilipo ndani ya ujumbe. Itaipata nimelipa, itaipata tutalipa, na itaipata pia alipata, kwa sababu kiambishi cha wakati uliopita kikikutana na shina lianzalo kwa pa huunda herufi nne zile zile: alipata, nilipanda, walipanga, alipaka. Mteja aliyeandika kwamba dereva alipata pancha atahesabiwa miongoni mwa waliolipa. Akifupisha na kutafuta lip tu, ili amshike aliyelipwa na aliyelipia, ataingiza nilipokea na tulipofika, na katika machimbo ataingiza hata maneno ya kulipua mwamba kwa baruti. Na aliyeuliza kwa jiwe hataiona mawe, ilhali aliyeuliza kwa mawe atapewa mawese.

Amri zilizoigwa kutoka vitabu vya Kiingereza, ambavyo hudhani kwamba neno huanza pale linapotenganishwa na kwamba mabadiliko yake yako mwishoni, hazitoshi hapa; bali sarufi yetu yenyewe yatoa msaada, kwa sababu ina mpangilio ulio dhahiri. Kitenzi huanza kwa nafsi, ni, u, a, tu, m au wa, hufuata wakati, na, li, ta au me, kisha shina, kisha mwisho. Mwandishi wa programu aweza kuiandika kaida hiyo neno kwa neno katika lugha ya vielezo vya kutafutia, ile iliyotokana na kazi ya mwanahisabati Stephen Kleene ya miaka ya 1950, akadai kwamba kabla ya shina lip sharti kuwe na nafsi na wakati vilivyokamilika, na kwamba baada yake kuwe na a, wa, ia au iwa na neno likome hapo. Kwa sharti hilo nimelipa huingia na alipata hukataliwa, maana kabla ya lip katika alipata pana nafsi a peke yake bila wakati. Kikanusho chahitaji kielezo chake, kwa kuwa sijalipa na hatujalipa havianzi kwa nafsi zile, na mwenye kuvisahau humkosa mtu aliyekiri kwamba bado anadaiwa.

Hata hivyo katika Kware ujumbe wa malipo mara nyingi hauna kitenzi hicho kabisa. Mtu huandika nimetuma thao mbili, yaani elfu mbili, au soo tano ziko njiani, yaani mia tano, na humo hamna lipa wala tarakimu hata moja. Orodha ya maneno hayo itungwe kutoka katika ujumbe halisi wa wateja, ukisomwa pamoja na karani ambaye ameyasoma kwa miaka, na iongezwe kila mwezi; na ujumbe usiolingana na kielezo chochote usitupwe wala usikisiwe na programu, bali uwekwe katika kapu lake, kwa maneno yale yale ya mwandikaji, mpaka karani atakapokuja kuusoma asubuhi kabla lori halijapakiwa.